Nastaafu mwezi ujao baada ya miaka 34 ya kufundisha History. Tuongee vita na muvi za vita (uzi mrefu, njoo na kahawa)

#1 Mzee wa Chaki

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, History na Civics, mwezi ujao natimiza 60 na barua ninayo mkononi. Na kabla hamjaanza, ndiyo, kikokotoo cha pensheni nakijua, nimeshakipigia hesabu mara nne na jibu ni lile lile, kwaiyo hilo tuliache.

Nimekuja na ugonjwa wangu mmoja. Tangu mtoto mimi ni mgonjwa wa vita. Sio kupigana, mimi hata kuku nikimchinja nageukia pembeni. Nazungumzia vita vya kwenye vitabu, ramani na muvi. Mama watoto anasema siku nikifa atanizika na rimoti ili nisimsumbue usiku.

Ilianzia Mwanza, nikiwa darasa la tano au la sita hivi, vita ya Kagera. Malori ya watu binafsi yanachukuliwa kwenda mbele, la mjomba wangu likiwemo, usiku taa zinazimwa, redioni ni habari za vita asubuhi jioni. Machi 1979 ndege ya Libya ikaja kupiga mji (Gaddafi alikuwa anambeba Amin), bomu zikakosa zikaenda kuua swala kwenye hifadhi ya Saanane. Watu wazima wanakimbia, sisi watoto tuko juu ya jiwe tunabishana ile ilikuwa ndege ya aina gani na nani ameiona vizuri. Aibu, lakini ndo ilivyokuwa.

Alafu zikaja muvi. Kwanza sinema ya gari, shuka jeupe limefungwa kwenye goli la mpira, ukikaa nyuma ya shuka unaona Wazungu wote wanapiga kwa mkono wa kushoto. Baadae VHS, baadae vibanda umiza, muvi zimetafsiriwa na kina Lufufu, askari wa Kijerumani anaongea kama konda wa Manzese. Nilizipenda zote bila kuchagua.

Nilipoanza kufundisha nikakuta sylabasi inataka "toa sababu sita, toa athari saba". Mtoto anakremu sababu sita za Vita Kuu ya Kwanza na hajui kuwa ilipiganwa kilometa chache kutoka kwao. Kwaiyo nikawa nawaonyesha muvi Ijumaa jioni, TV ya nchi 21, jenereta ya kuchangia mafuta. Wanakuja wote mpaka wa masomo ya sayansi.

Swali langu kwenu na ndo sababu ya uzi: nimeangalia muvi za vita pengine mia tano, mbona hii yetu iliyopiganwa hapa hapa sijakutana na muvi yake inayoeleweka? Ntaanza na Tanga 1914. Ngoja nile kwanza.

#2 Kichwa Ngumu

Nimekaa siti ya mbele. Lete nondo mwalimu, bando lipo.

#3 Bint Ngamiani

Shikamoo mwalimu. Ukianza na Tanga uje na adabu, tupo wenyewe.

#4 Mtoto wa Reli

kikokotoo 😂😂 pole mzee wetu

#5 Mzee wa Chaki

Marahaba binti.

Sasa Tanga. Novemba 1914, vita imeanza Agosti tu huko Ulaya. Waingereza wanaleta meli kutoka India zimebeba watu karibu 8,000, mkuu wao Meja Jenerali Aitken. Wengi wamekaa melini karibu mwezi, wanatapika, wengine bunduki walizopewa ni mpya hawajazizoea. Habari za safari yenyewe zilishavuja kitambo. Aitken akaambiwa achukue askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa huku) wanaoijua nchi, akakataa, kwa akili yake anakuja kupiga jeshi la washenzi.

Tarehe 2 meli ya kivita inaingia bandarini, kapteni anashuka kwenda kumwambia mkuu wa wilaya wa Kijerumani jisalimisheni la sivyo tunapiga. Mjerumani anaomba muda wa kuwasiliana na wakubwa wake. Muda anapewa! Alafu kapteni anamuuliza, samahani, bandari imetegwa mabomu? Unategemea ajibu nini? Kajibu imetegwa. Basi wakaenda kushusha watu kule Ras Kasone kwenye mikoko, pole pole, usiku.

Wakati huo kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, anashusha kompania zake kwa treni kutoka Moshi. Alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi ni askari Waafrika. Usiku wa kuamkia tarehe 4 yeye mwenyewe akapanda BAISKELI akazunguka Tanga mjini kuangalia adui yuko wapi. Jenerali wa upande mmoja ana meli na watu karibu 8,000, kamanda wa upande wa pili yuko kwenye baiskeli anapita mitaani kimya kimya. Hiyo peke yake ni sini ya kufungulia muvi, huhitaji hata mlipuko.

Kesho yake mapigano. Wapo waliofika mpaka mjini, akina Gurkha na Waingereza wa Lancashire, wakashusha bendera ya Kijerumani. Lakini kwingine mambo yakaharibika, bombom (ndivyo wazee walivyoziita zile bunduki za rasharasha) zinawafagia kwenye mashamba ya mpira na minazi, na risasi zikapiga mizinga ya nyuki. Nyuki wakatoka. Wakauma pande zote mbili lakini zaidi waliokuwa wanasonga mbele, na Waingereza baadae wakaamini ni mtego wa Mjerumani, ati alifunga kamba kwenye mizinga. Hakuna cha kamba. Nyuki wa Tanga hawakuwa upande wa mtu.

Tarehe 5 wakarudi melini wakaacha bombom 16, bunduki mamia na risasi laki sita. Kwa miezi mingi Lettow alikuwa anawapiga Waingereza kwa silaha za Waingereza. Waliokufa upande wao ni zaidi ya 350, upande wa Mjerumani hawakufika 100, na mmoja wao ni Tom von Prince, yule aliyemsaka Mkwawa kule Iringa miaka ya 1890. Wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Kwaiyo mtu wa Iringa ukipita Tanga ujue jamaa alimalizikia hapo.

#6 Kichwa Ngumu

Daah. "bandari imetegwa mabomu?" 😂 ni kama kumuuliza mwizi umeiba?

#7 Bint Ngamiani

Mwalimu umesema kweli, nyuki ni hadithi ya kila mzee huku kwetu. Mi nimekulia karibu na Ras Kasone tulikuwa tukichimba chimba tunaokota maganda ya risasi tunayafanya filimbi. Hakuna aliyewahi kutuambia ni ya vita gani. Nilijibu swali la Vita ya Kwanza kwenye mtihani nikaandika Sarajevo, Sarajevo, Sarajevo, huku filimbi ipo nyumbani kwenye kabati.

#8 Mzee wa Chaki

Bint Ngamiani hiyo ya filimbi naiba, ntaitumia kwenye hotuba ya kuagwa.

#9 Lwanda Magere Jr

Mwalimu mi napenda za majini. Hakuna?

#10 Mzee wa Chaki

Zipo za kucheka na za kulia.

Ya kucheka: Agosti 1914, Ziwa Nyasa. Pande zote mbili zina meli moja moja yenye mzinga, na makapteni wao Rhoades na Berndt ni marafiki wa kunywa pamoja. Habari ya vita inamfikia Mwingereza kwanza. Anakwenda Liuli (Wajerumani waliita Sphinxhaven) anakuta meli ya mwenzie imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, anaipiga mzinga. Berndt anatoka anafoka akidhani jamaa amelewa. Hakuwa hata anajua kuna vita. Akaambiwa, akachukuliwa mateka, ikaisha hivyo.

Ya pili ni Ziwa Tanganyika. Mjerumani anatawala ziwa lote kwa meli zake. Waingereza wanaamua kupeleka maboti mawili madogo kutoka Uingereza mpaka Cape Town, kutoka hapo treni mpaka Katanga, kutoka hapo yanavutwa kwa matrekta ya mvuke na maksai kupanda milima ya Mitumba. Maboti! Juu ya mlima! Kiongozi wao Spicer-Simson alitaka kuyaita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wakakataa, ndo akayaita Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa cha watoto maana yake inaelekea kule kule kwa paka na mbwa, lakini fikiria Mswahili wa pwani ya ziwa anaambiwa boti hii inaitwa Mimi. "Nani kazamisha meli?" "Mimi." Na huyo bwana alikuwa anavaa sketi. Sitanii, alishonewa sketi ya khaki, mwili mzima tatuu, wenyeji wanakuja kumwangalia akioga.

Desemba 26, 1915 wakaiteka Kingani. Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ikabaki ile kubwa, Graf von Götzen, na hapo jamaa akagoma kuifuata.

Hii ndo iliyozaa The African Queen ya 1951, Humphrey Bogart akapata Oscar. Kwenye muvi mwanamke mmishenari na mlevi mmoja wanatengeneza torpido ya kienyeji na meli ya Mjerumani inazama, mnapiga makofi mnaenda kulala. Ukweli ni mtamu zaidi ya hapo: hakuna aliyeizamisha. Wajerumani walipoona reli inatekwa, Julai 1916 wakazipaka injini zake grisi nene na kuizamisha wenyewe taratibu ili wairudie vita ikiisha. Waingereza ndo walioiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli iliyokuja kutoka Ujerumani kwenye maboksi, ikapanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma ikaunganishwa kule. Na 2015 ndo iliyobeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuja Kigoma. Nimepanda Liemba 1996, nikateremka chini kwa mafundi nikaomba niiguse injini. Wakaniona mwehu.

#11 Mutoto ya Kalemie

Bonjour mwalimu. Mimi niko Kalemie, zamani ilikuwa Albertville, hayo maboti yalishukia huku kwetu karibu na Lukuga. Usisahau kama ni askari Wakongomani wa Force Publique (jeshi la Kongo ya Wabelgiji) walichukua Tabora mwezi wa tisa 1916, sio Wabelgiji peke yao. Hao wazungu walikuwa wachache sana.

#12 Mzee wa Chaki

Merci ndugu, umesema neno ambalo nilikuwa nalizunguka. "Hao wazungu walikuwa wachache." Ndo shida yangu na muvi zote.

Niwaambie nilivyobadilika. Mwaka fulani nimewawekea Form Three ile Saving Private Ryan, dakika za mwanzo za kutua Normandy, darasa kimya, wapo waliolia. Nikajisifu moyoni, leo nimefundisha. Ikaisha. Mtoto mmoja wa nyuma, mtulivu, sio wa kunyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hawa wanakula saa ngapi?"

Darasa likacheka. Mimi nikacheka. Usiku sikulala. Kwa sababu ni kweli, kwenye muvi ya vita bunduki haiishi risasi mpaka stori inapotaka, na mtu hali wala haharishi, wala hakuna anayebeba. Na hapa kwetu vita ilikuwa ni kubeba. Farasi, punda, ng'ombe wanakufa na ndorobo kwa maelfu, barabara hakuna, mvua ikinyesha gari linazama mpaka taa. Inabaki kichwa cha binadamu.

Nikatengeneza hesabu, tangu siku hiyo naitumia kila mwaka. Chukua mpagazi mmoja na kiroba cha unga kilo 25, ndio mzigo wa mtu kwa wakati ule, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Anakula kilo moja kwa siku. Jeshi liko mbele mwendo wa siku kumi. Siku kumi kwenda, kumi kurudi, ameshakula kilo 20 kwenye kiroba chake mwenyewe. Anakabidhi kilo TANO. Amefanya kazi siku 20 amemlisha askari mmoja siku tano. Kwaiyo askari mmoja aliyeko mbele anahitaji wapagazi wanne kwa ajili ya ugali tu, hapo hujabeba risasi, hujabeba mzinga, hujabeba kitanda na mvinyo wa afisa. Jeshi likisonga hadi mwendo wa siku kumi na mbili na nusu, mpagazi anafika, anarudi, kiroba kimeisha, amekabidhi sifuri.

Baada ya hesabu tunatoka nje. Kiroba cha sembe kilo 25 kichwani, zunguka uwanja wa mpira. Wababe wa darasa wanamaliza raundi mbili. Nawaambia hao walikwenda kutoka Nairobi, Mwanza, Nyasa, mpaka Rufiji, mpaka Mahiwa kule Lindi, mpaka Msumbiji, peku, na wengi walikamatwa usiku majumbani mwao.

Waingereza peke yao walichukua watu karibu milioni moja kwa kazi hiyo, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na chakula kibovu. Kikosi chenyewe kiliitwa Carrier Corps. Mswahili akatamka Kariakoo. Kila siku mnaenda Kariakoo kununua simu feki, mnapita juu ya jina la kambi ya wapagazi.

#13 Kichwa Ngumu

Aisee nimeishi Kariakoo miaka kumi na moja nikajua ni jina la Kihindi.

#14 Msee wa Ziwani

Hata hapa Nairobi tuko na Kariokor, same story. Na ile sanamu ya Kenyatta Avenue iko na watu watatu, mmoja ni mbeba mizigo. Ya Dar ni askari mmoja tu na bunduki, ama?

#15 Mzee wa Chaki

Ndio, ya kwetu ni askari peke yake, iliwekwa 1927 pale ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Mnyamwezi wa kubeba hana sanamu pale mjini, ana soko. Sijui kipi bora, sokoni angalau watu wanalitaja jina kila siku.

Na makaburi ndo usiseme. Maafisa wana majina, mawe yamepangwa vizuri, majani yanafyekwa. Wapagazi wengi hawana hata orodha. Mwaka 2021 ile tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita ilitoa ripoti yenyewe ikakiri na kuomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

#16 Mgogo Halisi

Mwalimu kwetu Dodoma kuna njaa ya baada ya hapo wazee wanaiita Mtunya. Bibi alikuwa anahesabu umri wa watu kwa hiyo, "huyu kazaliwa kabla ya Mtunya". Ilihusiana na vita?

#17 Mzee wa Chaki

Ilihusiana moja kwa moja. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na watu, Waingereza wakaja 1916 wakachukua kilichobaki, alafu mvua ikagoma. Ugogo ilipoteza watu kama 30,000 kati ya 150,000 hivi. Ndo maana mtu akija hapa na zile sifa za "Lettow hakushindwa vitani" mimi namsikiliza tu. Kijeshi jamaa alikuwa fundi, sikatai, alijisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Lakini aliweza hivyo kwa sababu alikuwa anakula ghala za watu. Hakushindwa yeye, walioshindwa ni waliokuwa wanalima.

#18 Mama Wawili

Samahani mwalimu mi naomba niulize bila kukukwaza. Umeandika mambo mazito ya watu kufa alafu mwanzoni unasema ni ugonjwa wako, unazipenda. Unapenda nini hasa? Nina kijana wa miaka 14 anashinda kwenye geimu za vita na muvi za kupigana na sielewi utamu uko wapi.

#19 Mzee wa Chaki

Mama Wawili hujanikwaza, mama watoto ameuliza hilo swali miaka 30.

Jibu la kweli halinipi sifa. Nilipenda ndege. Nilipenda vifaru na kofia na ramani zenye mishale, nilipenda kabla sijajua ni vya nini, na mapenzi ya utotoni hayaondoki ukishajua. Mpaka leo nikiona Waterloo ya 1970, ile waliyotumia askari halisi wa Urusi kama elfu kumi na tano, hakuna kompyuta, wapanda farasi wanazunguka miraba ya Waingereza kamera iko juu, nasimama kwenye kochi. Sasa hivi najua kila duara la vumbi lile ni akina mama wanalia mahali. Na bado nasimama.

Kwa kijana wako usimzimie TV. Kaa nae umuulize lile swali la mwanafunzi wangu, hawa wanakula saa ngapi. Ataanza kukereka, alafu ataanza kuangalia mwenyewe.

#20 Mtoto wa Reli

Mbona muvi za watu weusi vitani zipo mwalimu, ile ya Zulu je

#21 Mzee wa Chaki

Zulu ya 1964, naijua kwa moyo. Rorke's Drift, Januari 1879. Buthelezi, yule yule mwanasiasa wa Afrika Kusini, ndo kaigiza mfalme wa Wazulu Cetshwayo ambaye ni baba wa babu yake upande wa mama. Muvi tamu. Lakini siku ile ile mchana Wazulu walikuwa wameshalifyeka jeshi la Waingereza pale Isandlwana, moja ya vipigo vikubwa walivyowahi kupata kutoka kwa wenyeji, na muvi inakipitia juu juu mwanzoni ili iende kwa Wazungu mia na kitu waliojifungia. Na ile sini ya mwisho ya Wazulu kuwaimbia heshima haikutokea, waliondoka tu maana wamechoka na msaada wa Waingereza unakuja.

Nazozisifu mimi ni za wenzetu wa upande wa Kifaransa. Camp de Thiaroye, 1988, Sembène Ousmane na mwenzie. Askari Waafrika wametoka kuipigania Ufaransa, wamekuwa mateka wa Mjerumani, wanarudi Dakar wanadai malipo yao, Desemba 1, 1944 jeshi la Ufaransa linawapiga risasi. Nyingine Indigènes ya 2006, ya askari wa Afrika Kaskazini. Hii ilitikisa, mwaka huo huo serikali ya Chirac ikatangaza kupandisha pensheni za wapiganaji wa zamani kutoka makoloni zilingane na za Wafaransa. Muvi imepandisha pensheni wakuu! Sisi tungepata moja ya hivyo labda hata...

#22 Mtoto wa Reli

Muvi ya kikokotoo 😂😂😂

#23 Mzee wa Chaki

Nilijua tu.

#24 Msee wa Ziwani

Mwalimu ongeza hii. Guka (babu) yangu alikuwa Keya, alienda Bama (Burma) Vita ya Pili. Alikuwa na rafiki yake wa kijiji waliandikwa pamoja, huyo alipanda Khedive Ismail kutoka Kilindini Februari 1944 ikienda Ceylon. Submarini ya Mjapani ikaipiga karibu na Maldives, meli ikazama kwa dakika kama tatu. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi ni vijana wetu wa mizinga, kile kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, na manesi pia. Mbaya zaidi submarini ilikuwa imejificha chini ya waliokuwa wanaogelea, na manowari za Waingereza zikairushia mabomu ya majini hapo hapo juu ya watu wao. Guka hakuwahi kusema kitu kingine kuhusu vita ile isipokuwa hiyo na mvua ya Bama. Muvi ya Titanic iko, hii je?

#25 Bint Ngamiani

Nimesoma mara mbili nimeweka simu chini.

#26 Afande Mstaafu

NIMEFUATILIA KIMYA. MIMI NI WA KAGERA 78-79. SAMAHANI SIMU INAANDIKA HERUFI KUBWA SIJUI KUITOA.

MWANAFUNZI WAKO ALIULIZA SWALI LA KIJESHI. WATU WANADHANI VITA NI KUPIGA. VITA NI KUTEMBEA. MIMI NILITEMBEA KUTOKA KYAKA HADI MASAKA NA KUTOKA MASAKA TUKAENDELEA. DARAJA LA KYAKA WALILIPUA IKABIDI TUVUKE KWA NJIA NYINGINE. PALE LUKAYA BARABARA INAPITA KATIKATI YA KINAMASI HUWEZI KUTOKA KUSHOTO WALA KULIA, NDIPO WALIBIA WALIPOTUJIA MWEZI WA TATU. USIKU ULE TULIRUDISHWA NYUMA, WATU HAWAPENDI KULISEMA HILO LAKINI TULIRUDISHWA, KESHO YAKE TUKAWAZUNGUKA. NILIOGOPA. BM ZETU (MIZINGA YA ROKETI) ZIKIPIGA WAGANDA WALIZIITA SABA SABA, HATA SISI ZILITUTISHA.

KWENYE MUVI ASKARI ANAONGEA SANA. SISI TULIKUWA TUNAONGELEA SOKSI.

#27 Kichwa Ngumu

Afande heshima yako 🫡 "tulikuwa tunaongelea soksi"

#28 Mzee wa Chaki

Shikamoo Afande. Mimi ni yule mtoto wa Mwanza juu ya jiwe. Lori la mjomba lilirudi 1980 bila milango, labda ulipanda.

Muongozaji yeyote wa muvi anayesoma hapa, mfuateni huyu mzee na kinasa sauti leo, msingoje.

#29 Ngosha wa Pasiansi

Mwalimu mtu wa Mwanza mwenzangu, kuna kile kisa cha ufagio, ni kweli au chai?

#30 Mzee wa Chaki

Nilijua kitakuja. Lililo kweli ni kwamba 1964, mwaka aliokufa Lettow, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mhasibu akaja Mwanza na pesa, wakatokea wazee mia tatu na kitu, wenye vyeti ni wachache sana, wengine wameshika kipande cha gwanda. Jamaa akafikiri, akachukua ufagio, kila mzee anapewa anatamkiwa amri za gwaride kwa Kijerumani. Bega bunduki, teremsha bunduki. Na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Hicho cha ufagio nakisimulia kama nilivyokikuta, kinaweza kikawa na sukari ndani. Mimi kinanitesa kwa jambo lingine. Aliyekuwa mpagazi akija siku hiyo angepewa ufagio afanye nini? Yeye amri hakufundishwa. Angeweza kuonyesha shingo tu.

#31 Mama Wawili

Mrejesho. Jana nimekaa na kijana, nikauliza wanakula saa ngapi. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Leo asubuhi kwenye chai kanambia "mama kumbe yule jamaa tangu muvi ianze hajanywa hata maji". Nimecheka peke yangu jikoni.

#32 Mzee wa Chaki

Umeshampata huyo.

#33 Kichwa Ngumu

Mwalimu leo si ndo kipindi cha mwisho? Umewawekea muvi gani?

#34 Mzee wa Chaki

Niliandaa The African Queen, nimechaji spika tangu jana, umeme ukakatika dakika ya kumi na mbili. Jenereta ya shule haina mafuta. Nikasema basi tufunge. Wale Form Three wakakataa kutoka. Mmoja akaenda stoo akarudi na kile kiroba, wamekijaza na kukishona upya, wakakiweka mezani kwangu. "Zamu yako mwalimu."

Miaka yote hiyo wakuu, sijawahi kukibeba mimi. Nilikuwa nasimama kivulini na filimbi.

Nikavua koti. Wakanisaidia kukiweka kichwani, nikatoka nje, shule nzima iko madirishani, walimu wenzangu wanarekodi. Kutoka darasani mpaka goli la kwanza nilikuwa nacheka. Kutoka goli la kwanza kwenda kona nikaacha kucheka. Kona ya pili shingo inawaka na sioni pembeni, naona majani ya mbele ya miguu tu. Kabla ya goli la pili mtoto mmoja akaja bila kusema kitu akanipokea, akamalizia raundi yeye.

Nusu uwanja. Nimelala hapa kifudifudi mama watoto ananichua na mafuta ya nazi anasema rimoti haitoshi atanizika na kiroba.

#35 Bint Ngamiani

Pole mwalimu wangu 😂 karafuu changanya na hayo mafuta, utaamka.

#36 Afande Mstaafu

KILO 25 BILA BUNDUKI? HIYO NI MAPUMZIKO.

#37 Mzee wa Chaki

Shikamoo Afande.